Ukitaka kuijua hoteli, pita mlango wa jikoni

Mwezi uliopita niligusia kwa aya moja tu namna hoteli yetu ya vyumba 14, huku Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria, inavyoishi na viboko. Barua zimeingia kama dagaa usiku wa giza. Nimechagua chache. Walioniuliza bei ya chumba wanisamehe, ukurasa huu si mapokezi.

SWALI: Shikamoo mama. Nimerithi kwa babu kiwanja kinachogusa ziwa, wilaya ya Magu. Nina akiba kidogo na nataka kujenga hoteli ya vyumba kumi. Fundi wangu anasema kwanza tung'oe matete yote, tumwage mchanga, tujenge ukuta wa mawe, na mgahawa uwe palepale mawimbi yanapogonga, kwa sababu mgeni anafuata maji. Mimi sipendi kuharibu mazingira, ila sijui pa kuanzia. – Mjukuu wa mvuvi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpe fundi wako nauli arudi kwao, halafu wewe panda basi uje ukae kwenye kiwanja chako siku saba bila kugusa kitu. Beba godoro, chandarua na daftari. Andika upepo unavuma kutoka wapi asubuhi na unatoka wapi saa kumi jioni. Andika kiboko anapita wapi akitoka majini, maana ana njia yake kama wewe ulivyo na njia yako ya kwenda kazini. Waulize majirani maji yalifika wapi mwaka 2020, ziwa lilipofurika, na usikubali jibu la mdomo. Waambie wakupeleke wakuonyeshe kwa mguu.

Sasa habari ya matete. Nina ya kusema, kwa kuwa naona fundi wako na wa kwetu ni wa tumbo moja.

Nilianza kazi hapa kama mpishi. Mwaka wangu wa pili, mwenye hoteli alileta vijana kumi na mapanga yao, wakafyeka matete na mafunjo yote yaliyokuwa mbele ya vyumba, wakang'oa na mizizi. Siku ya tatu ziwa lilionekana hata ukiwa umelala kitandani. Wageni walipiga picha, na mimi, nisikufiche, nilifurahi, kwani nilikuwa nimechoka kuulizwa ziwa liko wapi. Masika ilipoingia mawimbi yakaanza kula ukingo. Kila asubuhi nilikuta bonge jingine la udongo limemeguka. Mkuyu uliotupa kivuli cha chakula cha mchana ulibaki mizizi nje, kama vidole vya mtu anayejishikilia asianguke. Maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Halafu sato wakapotea. Mzee aliyekuwa akituletea samaki kwa mtumbwi kila Alhamisi akaacha kupita, na nilipomfuata mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, alinijibu bila kuinua macho kwenye wavu aliokuwa akiushona: "Mmebomoa wodi ya wazazi, mama, sasa watoto unamdai nani?"

Alikuwa na haki yake. Makinda ya sato hujificha kwenye matete ili sangara asiwaone. Na furu, wale samaki wadogo wa rangirangi ambao sangara aliwatafuna aina kwa aina baada ya kuingizwa ziwani miaka ya 1950, wengi wa waliosalia wamejibanza humo humo na kwenye miamba. Zaidi ya hapo, matete hulivunja wimbi nguvu kabla halijaufikia udongo, na hulishika tope linaloteremka kutoka mashambani lisiingie lote ziwani. Sisi tulilipa vijana kumi watuondolee ukuta tuliojengewa bure, kisha tukalipa lori la mawe kujenga ukuta wetu, na masika iliyofuata ikaondoka nao.

Ilituchukua miaka sita kuyarudisha. Tulipanda vipande vya mizizi, viboko wakala, tukapanda tena. Leo tuna mianya miwili tu. Mmoja ni wa boti, upana wa mitumbwi miwili ikipishana. Mwingine uko mbele ya mgahawa, na huo tunaupunguza kwa mundu juu juu bila kugusa mizizi. Mgeni akiwa amekaa analiona ziwa; akisimama anawaona mnana wakining'iniza viota vyao, na hadi leo hakuna aliyenidai fedha zake kwa sababu ya tete.

Kuhusu mgahawa wa kwenye mawimbi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, hairuhusu shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Najua utaambiwa kuna njia ya kuzunguka. Sisi tuliizunguka. Vyumba vilikuwa juu, nyuma kabisa ya hizo 60, lakini baa ya nyasi tuliijenga mita 15 tu kutoka majini, tukaiita ya muda ili isihesabiwe. Mei 2020 ziwa lilipanda likapita hata kiwango cha 1964, kile ambacho wazee wa kwetu Ukerewe walikuwa wakitusimulia kama gharika ya Nuhu. Ziwa halikujua kwamba baa ni ya muda. Niliamka nikaona friji la soda linaelea mlango juu, na kambale mmoja anazunguka chini ya meza ya biliadi. Vyumbani halikuingia tone.

Nyaraka: tathmini ya athari kwa mazingira kupitia NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, na vibali vya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, kimoja cha kuchota na kimoja cha kutiririsha majitaka. Anza mapema na uwe na subira.

Hicho kibali cha pili ndicho ninachotaka ukikazie macho. Mtu akinialika hoteli ya ziwani na kuniambia inaishi kwa amani na mazingira, simfuati mapokezi kuangalia vinyago. Nazunguka nyuma ya jikoni na kufuata bomba. Nataka kujua maji ya sufuria yanaenda wapi, na ya chooni yanaenda wapi, na ardhi ya hapo inanuka nini saa nane mchana. Nimeona hoteli yenye paa la nyasi, mlango wa gogo, sabuni ya mwarobaini, na nyuma yake bomba la inchi nne linatema povu moja kwa moja kwenye mafunjo.

Hapa kwetu maji ya jikoni hupita kwanza kwenye mtego wa mafuta, kisanduku cha zege ambacho kijana wa zamu hukikomba kila Jumatatu. Hukikomba akilalamika, na ana haki ya kulalamika. Yanaungana na ya vyooni kwenye karo lenye vyumba vitatu, uchafu mzito unazama, maji yanavuka. Karo halisafishi maji, mwanangu; linatenganisha tu, na hapo ndipo wengi wanapoishia. Ya kwetu yanaingia kwenye kitanda cha kokoto, urefu hatua 20 na upana hatua 6, kokoto zikifika kina cha goti na zaidi, juu tumepanda matete. Maji hayaonekani juu. Yanatambaa polepole chini ya kokoto, vijidudu vinavyoishi kwenye mawe na kwenye mizizi vinakula uchafu, na upande wa pili yanatoka yakiwa na rangi ya chai nyepesi bila harufu, yanamwagilia migomba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeifanyia utafiti njia hii kwa miaka mingi, kwa hiyo usimruhusu mtu akuambie ni mambo ya Ulaya. Kitanda hicho kina kasoro moja: kinahitaji nafasi. Ndiyo maana nakuambia vyumba kumi, usiongeze.

Maji ya moto, weka hita za jua juu ya paa, achana na kuni. Hilo halihitaji barua.

SWALI: Mama, nililala hoteli moja mkoa wetu huu wa Kagera iliyojitangaza kuwa rafiki wa mazingira. Asubuhi veranda ilikuwa nyeusi kwa wadudu wadogo waliokufa, wamerundikana kama majani ya chai. Nilipouliza, meneja alijivuna kwamba alipiga dawa usiku kucha kwa ajili yetu. Niliondoka na kikohozi. Je, hakuna njia nyingine? – Mwalimu, Bukoba

JIBU: Pole sana mwalimu. Wadudu hao ndio wale wanaopanda kutoka ziwani kama moshi wa mkaa, mpaka mgeni anadhani kuna moto kisiwani. Hawaumi. Buu lake hukaa kwenye tope la chini ya ziwa, kisha huibuka kwa mabilioni, hasa siku za mwezi kuandama, akaishi kidogo, akataga, akafa. Samaki wanamla, mbayuwayu wanamla, na kuna sehemu za ziwa hili watu wanamkamata kwa sufuria iliyopakwa mafuta na kumkaanga mikate. Ukipiga dawa unamuua yeye, na buibui, na mjusi aliyekuja kumla, halafu kesho anakuja mwenzake, kwa kuwa ziwa lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000 na wewe una pampu moja ya mgongoni.

Mdudu huyu anafuata taa. Tulitoa taa zote nyeupe za veranda tukaweka za njano, zikafunikwa juu ili mwanga uanguke chini. Saa tatu usiku tunazima zote isipokuwa za njia. Kisha tunawasha taa moja nyeupe, kali, huko chini karibu na matete, mbali na vyumba, na chini yake tunaweka beseni la maji. Wote wanahamia kule. Asubuhi beseni linakwenda kwa kuku, ambao siku hizo hawagusi pumba hata ukiwabembeleza. Mgeni akifika siku za mwezi mchanga, mhudumu anamwambia mapema, anamfungia dirisha la wavu, na anamsimulia ni nini. Tangu tuanze kusimulia, wako wanaoomba kuamshwa alfajiri waione ile mihimili ya moshi juu ya maji.

SWALI: Naomba jibu fupi. Naweza kuogelea ziwani nikija na watoto? – Baba wa wawili, Dodoma

JIBU: Jibu fupi ni hapana, pamoja na kwamba wengine wanaogelea kila siku. Kichocho kipo. Kimelea chake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi yako ukiwa umesimama kwenye maji yaliyotulia, hasa kuanzia asubuhi jua likipanda hadi mchana. Maji ya kina yenye mawimbi yana hatari ndogo zaidi, sikusema hakuna. Waliogusa maji wapimwe baadaye zahanati, na dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na inafanya kazi. Maji ya bafuni kwetu hukaa kwenye tangi siku mbili kabla ya kufunguliwa, kwa sababu kimelea asipompata mtu kwa siku hizo anakufa.

Wapo watakaoshika swali hili kunipinga: "Si ndiyo sababu ya kung'oa matete, konokono wakose pa kukaa?" Nimelisikia mara nyingi. Konokono peke yake hana kichocho. Yai la kimelea lazima litoke kwa binadamu, na kichocho cha tumbo cha huku kwetu hutoka na haja kubwa. Kwa hiyo swali linarudi palepale nyuma ya jikoni, na safari hii linavuka hadi kwa jirani, kama utakavyoona kwenye barua inayofuata.

SWALI: Mimi ni mvuvi. Hoteli iliyojengwa karibu na mwalo wetu imeweka uzio hadi majini, njia ya wake zetu kuchota maji imefungwa. Walinzi wanasema tunachafua mandhari. Halafu jioni meneja huyohuyo anatuma kijana kununua sangara kwetu, na anataka wadogo wanaoenea kwenye sahani. Unasemaje wewe mtu wa hoteli? – Mvuvi, Musoma

JIBU: Kaka, nasema nimeona aibu kwa niaba ya wenzangu. Ulishaona mtu anahamia nyumba ya watu, anafunga mlango wa uani, halafu anaomba chumvi?

Hoteli ikisema inaishi vizuri na mazingira yake, nyinyi ni sehemu ya mazingira hayo, mlikuwepo kabla ya saruji. Hakuna hati inayompa mtu ziwa. Nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji pamoja na viongozi wa BMU, kile kikundi chenu cha kusimamia uvuvi na mwalo, mpeleke barua yenye saini, mwombe afisa mazingira wa wilaya aje apime mita 60 kwa kamba mbele ya watu wote. Kamba ina adabu kuliko kelele.

Nikueleze sisi tulifika vipi. Na sisi tulikuwa na uzio. Tuliuondoa kwa hesabu zaidi kuliko kwa wema. Mwalo wa jirani haukuwa na choo hata kimoja. Wavuvi wanarudi alfajiri, watu wengi, vichakani hakuna nafasi. Mvua moja tu, yote yanateremka kwenye maji ambayo pampu yetu inayavuta. Nilimwambia mwenye hoteli: unaweza kununua mashine ya pili ya kusafisha maji au ukajenga choo cha matundu manne mwaloni. Alipiga mahesabu usiku, asubuhi akaita fundi. Choo kinasimamiwa na BMU wenyewe, funguo wanazo wao, sisi tunaleta sabuni. Njia ya kuchota maji tuliifungua pembeni mwa migomba. Akina mama wanapita na ndoo, wageni wanawasalimia, na kama mgeni anataka kupiga picha anaomba kwanza. Akikataliwa anakunja simu yake.

Na hao sangara wa kuenea kwenye sahani! Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, sato chini ya 25, na meneja huyo anajua. Mlangoni kwa jiko letu tumepigilia ubao wenye mistari miwili myekundu, 25 na 50. Samaki anawekwa ubaoni mbele ya muuzaji. Akipungukiwa harudishwi kwa matusi, anarudishwa tu, na muuzaji anajua kesho tutanunua tena. Samaki mkubwa tunamkata vipande. Sahani haijawahi kulalamika.

SWALI: Nasoma usanifu majengo. Walimu wanatuambia tujenge "na eneo, si juu ya eneo" lakini mifano yote ni ya kwenye makaratasi. Kuna hoteli ya ziwani iliyowahi kufanya hivyo kwelikweli? – Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Mwanangu, ipo moja ambayo picha yake nimeibandika ofisini, ingawa sijafika. Iko Kandalama, karibu na Dambulla, Sri Lanka, ilifunguliwa mwaka 1994. Aliyeichora ni Geoffrey Bawa, mwanasheria aliyegeukia usanifu na kufuzu akiwa karibu na miaka 40, kwa hiyo wewe una muda. Wenye mradi walitaka hoteli chini ya mwamba maarufu wa Sigiriya. Yeye akakataa, akawapeleka kilomita kadhaa mbali, kwenye bwawa la kale la umwagiliaji, ili mwamba uonekane ng'ambo ya maji badala ya kukanyagwa. Jengo ni refu mno, karibu kilomita moja, lakini limejikunja na ubavu wa jabali na limenyanyuliwa kwa nguzo, hivyo maji ya mvua yanayoteremka mlimani yanapita chini yake. Juu ya paa ni majani, mbele ni mimea itambaayo. Ukiwa mbali unaona msitu wenye madirisha.

Ila usiishie kwenye picha. Kabla halijajengwa wanakijiji na watawa wa Kibudha waliandamana kulipinga, na mojawapo ya hofu zao ilikuwa majitaka kuingia kwenye bwawa lao. Unaona? Nao walitaka kujua bomba linaelekea wapi. Ukichora hoteli yako ya kwanza, chora bomba hilo kabla ya veranda.

Na huna haja ya kwenda Sri Lanka kutafuta jabali. Mwanza ina mawe mpaka yanatuzidi, na bado naona watu wanayachoma kwa kuni na matairi ili yapasuke, wapate kiwanja bapa. Chumba chetu namba 9 kimejengwa kwa kuizunguka miamba miwili. Mmoja umeingia hadi bafuni na ndio kiti cha kuogea. Nje yake wanaota jua pimbi, na yule mjusi dume mwenye kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu, anayepiga pushapu mgeni akimkaribia. Watoto wanamtafuta yeye kabla ya kutafuta chipsi.

SWALI: Viboko wanamaliza nyasi za bustani yangu ya hoteli kila usiku. Nimeweka taa, nimeweka ngoma, nimeweka mbwa. Nifanye nini tena? – Mwenye hoteli aliyechoka

JIBU: Pole kaka, na mbwa umpe pole. Kiboko mmoja hula nyasi kama kilo 40 kwa usiku, na wewe umemwotesha ukoka laini, umeumwagilia kiangazi kizima, umeufikisha hadi mdomoni mwa maji. Kwa hesabu zake yeye ndiye mgeni wako wa kudumu.

Ondoa ukoka kwenye sehemu yote ya chini, acha nyasi za porini na vichaka virudi. Bustani ndogo ya kijani ibaki juu, karibu na vyumba, nyuma ya ukuta mfupi wa mawe. Kiboko hapendi kupanda ngazi. Ngoma acha, utamshtua, na kiboko aliyeshtuka hukimbilia majini bila kuangalia nani yuko katikati. Kuanzia saa moja jioni mgeni asitembee bila mlinzi mwenye tochi. Kisha itafute njia yake, utaikuta, imechimbika kama mfereji, na uiache wazi. Wa kwetu hupita kama saa nne na nusu usiku, kati ya chumba namba 3 na stoo ya makasia. Hapo hatujajenga kitu, hata kamba ya kuanikia shuka hatufungi.